Miche Iliyonona

Mjukuu wangu mdogo alipotuletea habari kwamba amepata nafasi chuo kikuu, dada yake alikuwa amechuchumaa bombani anaosha trei za miche. Hakugeuka. Alisugua trei moja ile ile mpaka nikaogopa itatoboka.

"Unakwenda kusomea nini?" nikamuuliza mdogo.

"Usimamizi wa Biashara ya Kilimo, bibi. Shahada kamili."

"Shahada ya nyanya," akasema dada mtu, mgongo bado umetuelekea. "Haya. Wenzetu wanasomea udaktari, huyu anakwenda kusomea kuuza nyanya."

Tulicheka sote watatu, lakini kicheko cha yule wa bombani kiliisha mapema kuliko vyetu.

Hawa wawili ni watoto wa mwanangu wa kiume, baba mmoja mama mmoja, na wamekulia mikononi mwangu. Mkubwa tunamwita Kisiki, maana akikaa mahali hang'oki, na akinuna ndiyo kabisa, hata shoka halifui dafu. Mdogo ni Chiriku. Huyo alianza kusema kabla ya kutambaa, na hajapumzika mpaka leo. Mimi kazi yangu ni kitalu cha miche hapo nyuma ya nyumba, neti ya kivuli juu, meza za mbao chini, trei zimejipanga kama watoto mstarini. Tunaotesha nyanya, hoho na kabichi, na wenye mashamba wanakuja kuchukua. Shule niliishia darasa la saba, basi. Lakini kwenye vitendawili sijawahi kuachwa na mtu. Nina wageni nyumbani, nawalisha, nawanywesha, nawafunika, na siku wakiondoka ndiyo nafurahi: ni nini hiyo? Kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua. Miche.

Kisiki alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba mbali, akaja kitaluni kunisaidia kidogo huku anatafuta la kufanya. Hakutafuta. Mikono yake ilipatana na udongo siku ile ile. Wateja wakimtania wamuulize amesomea wapi kazi hii, alikuwa anawanyooshea kucha zake zilizojaa udongo: "Cheti changu hiki hapa, msomeni wenyewe." Watu wanacheka, na yeye anacheka. Chiriku alipokwenda chuo, utani ule ukafa. Mteja mmoja akamwomba amwonyeshe cheti, Kisiki akaficha mikono kwenye aproni.

Basi Chiriku kila likizo akawa anarudi na maneno mapya. Mara uhasibu, mara takwimu, mara mnyororo wa thamani. Huo mnyororo alinifafanulia mezani kwa vikombe. Hiki ndicho mbegu, hiki ndicho kitalu, hiki mkulima, hiki soko, na kila anaposogeza kikombe thamani inapanda. Mimi nikafurahi kweli, maana ni kama kutega na kutegua. Nikamwambia arudie. Alipofika kwenye kikombe cha mkulima, mkono wa Kisiki ukaja juu ya bega lake ukakichukua.

"Hiki ni kikombe cha chai," akasema. "Kuna watu wametoka kazini wana kiu."

Sasa nitege kingine. Jirani anakula, tumbo linaniuma mimi. Wengine watajibu njaa. Siyo njaa, wasikilizaji wangu. Njaa ina dawa, ukila inaondoka. Huu ni wivu, nao hata ukishiba unabaki pale pale, na pengine unanenepa pamoja na wewe.

Mwaka wa mwisho wa masomo, chuo kikamtaka Chiriku afanye mafunzo kwa vitendo. Wenzake walikwenda kwenye makampuni. Yeye akaniomba kitalu. Wazo lake lilikuwa hili: sisi siku zote tunaotesha, halafu tunakaa tunangoja wateja, wasipokuja, miche inazeeka kwenye trei tunaitupa. Yeye alitaka mnunuzi apatikane kwanza, tukubaliane naye siku ya kuchukua, ndipo mbegu iingie kwenye udongo. Akazunguka na jua lake mpaka akampata katibu wa umoja wa wakulima, mzee mmoja mwenye sauti ya spika, akakubali kuchukua miche ya nyanya ya wanachama wake wote. Siku ya kuipokea, msimamizi wa Chiriku angekuja kutoka chuoni kumwangalia akikabidhi, ampe alama.

Nikampa safu yote ya meza za upande wa kushoto. Kisiki alinisikia nikisema "chukua hizo," na meza zile ndizo alizokuwa akizifanyia kazi yeye.

Ikawa tabu. Mteja akifika getini anauliza, "Yule msomi yuko?" Yupo Kisiki, amesimama mbele yake na ndoo mkononi, lakini anaulizwa msomi. Chiriku akikalia kigoda, kumbe ndicho kigoda cha Kisiki. Chiriku akiimba, Kisiki kichwa kinamuuma. Chiriku akinyamaza, Kisiki anasema, "Mwenzetu anaringa siku hizi, hata salamu hana." Chiriku akimpa salamu, anajibu, "Mbona leo umenikumbuka?"

"Dada, nimekukosea nini?" nilimsikia mdogo akiuliza siku moja.

"Wewe? Wewe hukosei. Ndiyo shida yako."

Na mimi hapo katikati nikaongeza kuni kwenye moto. Magoti yangu yamechoka, macho nayo yameanza ukungu, nikawaita wote wawili nikawaambia: "Oda hii ikishatoka, kitalu nakikabidhi. Mimi nakaa barazani nile jasho langu. Nitampa mwenye kukijua." Nikaishia hapo, kwa kupenda kwangu mafumbo. Nilijua moyoni ninayemkusudia. Nilidhani na yeye anajua.

Hakujua. Alisikia "mwenye kukijua" akamwona Chiriku amevaa joho, ameshika ufunguo wa kitalu, na yeye Kisiki anaamriwa achote maji.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa hospitali, natolewa mtoto wa jicho, na niliporudi nilifungwa bandeji nikaambiwa nisikanyage kwenye vumbi wala jua. Kwa hiyo nilikuwa ndani, nasikia nyumba kwa masikio tu.

Mche wa nyanya ukikaribia kwenda shambani sharti unyimwe. Unavuliwa kivuli, unapunguziwa maji, shina linakuwa gumu na jani linakolea. Unaonekana kama mtoto wa kambo, lakini ukipandwa juani unasimama. Ndiyo tunaita kuukomaza. Ule ulionyweshwa na kufunikwa mpaka mwisho unapendeza macho, na siku ya kwanza ya jua la shamba unalala kifudifudi hauamki. Chiriku alilijua hilo tangu utoto, na chuoni akafundishwa sababu zake. Akavua neti juu ya meza zake, akaanza kuinyima maji miche. Ghafla akaitwa chuoni kufanya mtihani wa mwisho.

"Dada," alisema akiwa amebeba begi, "nakuachia watoto. Usiwanyweshe mpaka uone majani yanalegea. Neti usirudishe, hata wakikutazama kwa huruma."

"Unanifundisha?"

"Hapana, dada yangu, nakukumbusha tu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kushika ndoo, leo unanikumbusha. Nenda, gari litakuacha."

Lile neno "nakukumbusha" lilimkaa Kisiki kooni kama mwiba wa samaki. Chiriku alipotoweka kwenye kona, akarudisha neti. Akainywesha miche ile asubuhi, akainywesha jioni, akaichanganyia na mbolea ya maji ya kukuzia. Aliniambia alikuwa akifanya hivyo kama mtu anayeiba, na huku anaipapasa. Hesabu yake ilikuwa moja: miche ichukuliwe, ife huko mashambani, katibu arudi anafoka, bibi aone usomi umetufikisha wapi.

Lakini wivu hauna macho ya mbele. Anayechoma nyumba ili amwone panya wa jirani akikimbia, atalala wapi usiku? Kitalu kilichotoa miche ile ndicho kile kile alichokuwa akikililia. Jina ambalo lingeoza ni la nyumba yetu. Hilo hakuliona. Na kingine hakukiona: miche ile ilinona. Ikawa kijani, ikawa mirefu, majani mapana kama masikio ya sungura. Majirani wakawa wanasimama uani kuitazama. "Hee, mtoto wa chuo huyo! Tazameni mkono wa elimu!" Kisiki anayasikia hayo, ndoo anayo yeye. Alilolifanya kwa uovu, sifa zikaenda kwa mwenzie.

Siku ya kukabidhi Chiriku alifika pamoja na msimamizi wake, ametoka kwenye mtihani moja kwa moja. Katibu alikuwa amekwisha kuwasili na pikapu, anaunguruma uani. Dirisha la chumba changu linatazamana na meza za kushoto. Nilikaa kitandani, jicho moja limefungwa, la pili silo la kutegemea, nikatega sikio.

"Mama yangu!" sauti ya katibu. "Hii ndiyo miche! Mimi sina la kuuliza, pakieni."

"Inavutia sana," akasema msimamizi, mwanamama mwenye sauti ya upole. "Rangi nzuri, imelingana. Hongera, binti."

Nikangoja Chiriku aseme. Chiriku, ambaye akipewa hongera hukupa hotuba. Badala yake nikasikia kitu kidogo kikikatika, *tik*, kama mtu anayevunja ganda la karanga. Nikajua amebana shina kwa vidole.

Shina lililokomaa halikatiki hivyo.

"Dada," akasema taratibu sana, "neti ilirudi lini?"

Nikasikia mpini wa ndoo ukigongagonga.

"Vipi, tunapakia au tunapiga picha?" katibu akauliza. "Wanachama wangu wamekwisha kuchimba mashimo."

Wasikilizaji wangu, fikirini hapo alipokuwa amesimama yule mtoto. Akinyamaza, miche inapakiwa, msimamizi anaandika alama, shahada inakuja. Miche itafia huko mbele, mbali na macho ya chuo. Akisema, mradi wake umevunjika mbele ya mtu aliyekuja kuupima.

"Leo haipakiwi," Chiriku akasema. "Haijakomaa. Ukiipanda hii kesho, keshokutwa utakuwa na shamba la mboga za kuchemsha. Naomba unipe muda niinyime maji, mzee wangu. Utaikuta mibaya ya sura, lakini itasimama."

"Muda?" Katibu alipaza sauti, kuku wakatawanyika. "Tulikubaliana leo! Si wewe uliyenihubiria mambo ya siku na ahadi? Mashimo yangu niyafunike na nini, na blanketi?"

"Subiri kidogo," msimamizi akasema. "Binti, kwenye mpango wako umeandika vizuri kabisa kuhusu kukomaza. Imekuwaje? Nani alikuwa akiitunza ulipokuja kwenye mtihani?"

Hapo nikashika ubavu wa kitanda. Nilimsikia Kisiki akihema kwa nguvu, maana alikuwa karibu kabisa na dirisha langu.

"Msimamizi wa mradi ni mimi," Chiriku akajibu. "Kosa ni langu. Sikupanga vizuri nani atanishikia."

Ungetegemea Kisiki ashukuru. Amesitiriwa mbele za watu, anyamaze yaishe. Wapi! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mdogo wake ana chuo, ana sifa za miche, ana bibi wa kumchekea mezani, na sasa anataka hata na kosa lake alibebe, awe mwema juu ya kuwa msomi. Ndoo ikaanguka kwa kishindo.

"Nimeinywesha mimi!" akapiga kelele. "Neti nimerudisha mimi, mbolea nimetia mimi, na nilikuwa najua ninachokifanya! Usinisitiri! Nani kakuomba unisitiri? Kila kitu chako wewe, hata dhambi yangu uniibie?"

Katibu mwenyewe, na sauti yake ile, alikohoa tu.

"Kwa nini, dada?" Chiriku akauliza.

"Kwa nini! Anauliza kwa nini! Bibi atakupa kitalu. Umekuja na vikombe vyako na minyororo yako, utapewa, na mimi niliyezeekea hapa nitakuwa nakuoshea trei. Ndiyo kwa nini."

Kisha nikasikia kandambili zake zikipita mbio kuelekea nyuma ya jiko, na kilio ambacho alijaribu kukiziba kwa aproni.

Msimamizi alikuja kuniaga chumbani. Aliniambia ataandika alichokiona: siku ya kukabidhi haikutimizwa, na hilo litapunguza alama, lakini pia mwanafunzi wake alikataa kuuza kibaya kilichopendeza, na hilo nalo ataliandika. Nikamwambia, "Andika, mwanangu. Sisi tuna ya kwetu ya kuandikiana." Katibu alikubali kurudi, huku analalamika mpaka pikapu ilipopotea barabarani.

Wale wawili wakaikomaza miche pamoja, na sijawahi kusikia kazi iliyofanywa kwa ukimya kama ule. Hata Chiriku hakuimba. Miche mingine ilivunjika, mingine ikajikunja ikafa, na iliyobaki Chiriku aliijazia na ya meza za kulia, alikohamia Kisiki, baada ya kuomba ruhusa. "Chukua," Kisiki alisema, "si umezoea kuchukua." Lakini aliichagua mwenyewe, mmoja mmoja, na hakumpa hata mbovu mmoja. Nilimuuliza baadaye mbona alichagua mizuri. Akaniambia, "Ili asipate la kusema."

Nilifunguliwa bandeji siku moja kabla katibu hajarudi. Niliona vitu vyote vimeng'aa, hata vumbi. Niliona pia jinsi Kisiki alivyokonda. Katibu alikuja, akabana shina, akabana jingine, akaguna. "Sura zake kama za wafungwa," akasema, "lakini mifupa ipo." Akapakia akaenda zake.

Nikawaita barazani. Chiriku hakungoja hata nikae.

"Bibi, kabla hujasema. Mpe dada kitalu. Mimi nataka kutafutia watu masoko, nizunguke, nikae na watu kama yule katibu. Sikukitaka kamwe. Nilidhani mnajua."

Kisiki alisimama kama amemwagiwa maji ya moto.

"Unaona, bibi? Unamwona? Ananigawia! Nipewe na yeye, kama nguo iliyombana! Sikitaki."

"Kaa," nikamwambia.

"Sikai."

"Basi simama usikie. Kabla sijaenda kwenye jicho nilikuwa nimeamua nikupe wewe. Ulipofanya ulilofanya, nikaghairi. Nililala na kughairi kwangu, nikaamka nako. Halafu nikakumbuka ulivyopiga kelele uani. Wakati ule unasema 'nimeinywesha mimi,' ulijua unakikosa. Yule alikuwa amekwisha kukufungulia mlango wa kutorokea, ukaupiga teke. Nakupa kwa sababu hiyo. Yeye akikitaka, asikitake, nilikuwa nakupa."

"Nilisema kwa hasira, bibi. Si kwa wema."

"Najua. Ukweli wa hasira nao ni ukweli. Wa wema ninao mwingi, umejaa maji kama mche ambao haujakomazwa."

Nikaufungua ufunguo kwenye fundo la khanga nikamtia mkononi. Aliinama kuutazama. Nikadhani atalia, nikajiandaa kumkumbatia. Akainua kichwa.

"Na yeye umempa nini?"

"Yeye ana shahada yake."

"Aa," akasema Kisiki. "Kwa hiyo yeye kapata viwili. Shahada, na sifa ya kunipisha."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, jicho jipya likatoka machozi. Chiriku alitaka kucheka akaogopa, akabana midomo.

"Dada," akasema, "siku ya joho utakuja?"

"Nitakuja. Usitegemee nipige vigelegele."

"Usipige. Njoo tu ukae mbele."

"Nitakaa ninapotaka."

Akashuka barazani, akaelekea kitaluni na ufunguo wake, na mdogo wake akamfuata akikunja mikono ya shati, tayari kushika mbegu. Kisiki akamzuia kwa kiganja.

"Huko siko. Anza na zile trei chafu pale bombani."

Chiriku akachuchumaa, akafungua maji, akaanza. Kisiki alisimama juu yake na mikono kiunoni, anazikagua moja moja pembe zake zote, anatafuta udongo uliosahauliwa. Hakuuona. Mtoto ameziosha zimetakata kabisa.

Kisiki akasonya.